Umenyimwa Zabuni Kigoma? Namna ya Kulalamika Ndani ya Siku Tano za Kazi na Kusikilizwa

Malalamiko mengi ya zabuni yanayotoka Kigoma, Kasulu, Kibondo na Uvinza hukwama kwa mambo matatu. Yanachelewa. Yanaandikwa kwa kunakili barua ya zamani iliyotaja sheria iliyokwisha futwa. Au yanapelekwa kwa diwani, kwa mbunge au kwa Mkuu wa Wilaya, na wakati mzabuni anasubiri mheshimiwa apige simu, siku zake za kisheria zinakatika moja baada ya nyingine.

Inaniuma, kwa sababu wengi wa watu hawa wana hoja nzuri. Mkandarasi mdogo amekopa ili aandae zabuni. Kikundi cha akina mama kimechanga fedha za sabuni na mawese ili kipate hati zake zote. Halafu kesi nzima inaangushwa na kalenda.

Mwongozo huu unafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 17, 2024, pamoja na Kanuni zake za mwaka 2024 zilizoanza Julai 1 mwaka huo. Ukiwa na barua ya mfano inayotaja Sheria ya 2011 na siku saba za kazi, iweke kando leo. Siku sasa ni tano.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi kabla hujaandika neno

- Notisi ya kusudio la kutoa zabuni, yaani taarifa ya nani taasisi inakusudia kumpa kazi, ikiwa na tarehe na saa uliyoipokea kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa kielektroniki.
- Nyaraka kamili za zabuni kama zilivyotangazwa: maelekezo kwa wazabuni, vigezo vya tathmini, masharti ya mkataba na mchanganuo wa kazi.
- Marekebisho yote ya nyaraka hizo na majibu ya ufafanuzi yaliyotolewa kabla zabuni hazijafunguliwa.
- Zabuni yako kama ulivyoiwasilisha, pamoja na kila kiambatisho. Pakua nakala kutoka kwenye mfumo. Usitegemee faili lililo kwenye kompyuta ya stationari.
- Uthibitisho wa mfumo kwamba zabuni yako ilipokelewa.
- Hati ya uwakili ya mtu anayesaini kwa niaba ya kampuni au kikundi.
- Kalenda yenye sikukuu za kitaifa.
- Fedha kidogo ya akiba kwa ajili ya ada ya rufani, endapo mambo yatafika huko.

Kalenda isikushangaze. Utaiona kazi yake katika hatua ya pili.

## Hatua ya 1: Hakikisha notisi inakufikia wewe mwenyewe

NeST ulianza Julai 2023 na ukachukua nafasi ya mfumo wa zamani, TANePS. Tangazo, ufafanuzi, zabuni, notisi na malalamiko vyote hupita humo.

Tatizo kubwa hapa kwetu ni kwamba wazabuni wengi walisajiliwa na kijana wa stationari pale Mwanga au Kasulu mjini, naye akaweka barua pepe yake na namba yake ya simu. Notisi ikitumwa, inaingia kwake. Mwenye kampuni yuko Nguruka anasimamia kalavati, hana habari yoyote.

Fanya hivi leo, hata kama huna zabuni inayosubiri majibu. Ingia kwenye akaunti, badilisha nenosiri, weka barua pepe na simu yako, kisha jitumie ujumbe wa majaribio uone kama unafika. Katika kipindi cha tathmini ingia kwenye mfumo kila siku, asubuhi na jioni. Mtandao ukisumbua huko uliko, mpe mtu mmoja unayemwamini mjini kazi hiyo hiyo tu.

Onyo: utetezi wa "sikuiona notisi kwa sababu akaunti iko kwa mtu mwingine" ni dhaifu sana. Notisi ikishaingia kwenye akaunti yako, mfumo una rekodi ya muda wake.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kutaja, bila kumuuliza mtu, ni lini na saa ngapi notisi ya zabuni yako ya mwisho iliingia.

## Hatua ya 2: Hesabu siku, uandike tarehe ukutani

Malalamiko yanatakiwa kumfikia Afisa Masuhuli ndani ya siku tano za kazi tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, jambo unalolilalamikia. Kwa halmashauri, Afisa Masuhuli ni Mkurugenzi Mtendaji. Kwa taasisi nyingine ni mtendaji wake mkuu.

Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kitaifa hazihesabiwi.

Chukua mfano. Notisi imekufikia Jumatatu, Oktoba 12, 2026. Siku ya kwanza ni Jumanne tarehe 13. Jumatano tarehe 14 ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, unairuka. Alhamisi tarehe 15 ni siku ya pili, Ijumaa ya tatu, Jumatatu tarehe 19 ya nne, na Jumanne tarehe 20 ndiyo ya tano na ya mwisho. Aliyehesabu siku saba kwa sheria ya zamani atafika Alhamisi tarehe 22, na atakuta mlango umefungwa.

Ushauri wangu ni kuwasilisha siku ya tatu. Umeme ukikatika, mfumo ukigoma au kiambatisho kikikataa kupanda, bado una siku mbili za kuhangaika.

Kuna kosa la pili la hesabu ambalo ni gumu kulitambua, na ndilo linalowaumiza hata waliozoea. Siku zinaanza pale ulipojua tatizo. Kama kigezo kilichokuudhi kilikuwa ndani ya nyaraka za zabuni tangu siku ya tangazo, ulikijua ulipozisoma. Tuseme nyaraka zilitaka mtambo wa kushindilia wa aina moja tu, na wewe uliona huo ni upendeleo. Wakati wa kusema ulikuwa ule, kwa kuomba ufafanuzi na kulalamika kabla zabuni hazijafunguliwa. Ukinyamaza, ukashindana, ukashindwa, halafu ndipo ukaanza kupinga kigezo chenyewe, utaambiwa ulikikubali ulipowasilisha zabuni.

Umefanikiwa ikiwa umeandika tarehe ya mwisho kwenye karatasi na mtu wa pili ameihesabu upya akapata tarehe hiyo hiyo.

## Hatua ya 3: Weka sababu ya kukataliwa kando ya nyaraka za zabuni

Hii ndiyo hatua yenye kazi. Ipe siku nzima ya kwanza.

Notisi inatakiwa kukueleza nani anakusudiwa kupewa zabuni, kwa bei gani, kwa muda gani wa utekelezaji, na kwa nini wewe hukuchaguliwa. Soma sababu yako neno kwa neno. Kisha fungua nyaraka za zabuni utafute kigezo ambacho sababu hiyo inasimama juu yake. Usisome kwa hasira. Soma kama mtu aliyetumwa kukagua zabuni ya jirani.

Jiulize maswali haya:

Je, kigezo walichokitumia kimo ndani ya nyaraka? Kamati ya tathmini inafungwa na vigezo vilivyotangazwa. Haina ruhusa ya kuongeza kipya ikiwa mezani.

Je, kimo, lakini nimekitimiza? Tafuta kiambatisho, jina la faili na ukurasa.

Je, kimo, sikukitimiza, lakini mshindi naye hakukitimiza? Hoja ya kutendewa tofauti ni nzito, ila inahitaji ushahidi. Unaweza kuomba maelezo, lakini usibuni.

Je, kasoro yangu ni ndogo isiyogusa bei, ubora wala uwezo wa kufanya kazi? Kasoro ya namna hiyo haipaswi kumtupa mtu nje.

Je, kimo, sikukitimiza, na kasoro ni kubwa? Hapo uwe mkweli kwa nafsi yako. Hati ya uwakili isiyosainiwa, leseni iliyokwisha muda au tamko la dhamana ya zabuni lililokosekana pale lilipotakiwa vitakuangusha. Okoa fedha yako, rekebisha, ujiandae kwa zabuni ijayo.

Kuna hoja ambazo watu wa huku wanazipenda na hazina nguvu peke yake. "Bei yangu ilikuwa ndogo kuliko zote" ni mojawapo. Sheria inatazama bei ya zabuni iliyopita hatua zote za tathmini. Bei ndogo ya zabuni iliyoanguka katika hatua ya nyaraka haifiki hata kulinganishwa. "Mimi ni mzawa wa Kigoma na mshindi anatoka Mwanza" nayo haisimami, kwa kuwa upendeleo wa kisheria unawalinda Watanzania na makundi maalumu, haugawi zabuni kwa mkoa wa kuzaliwa. Lakini kikundi cha vijana, wanawake, wazee au wenye ulemavu kikishindana katika zabuni iliyotengwa kwa makundi maalumu, kwa mujibu wa ile asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka, na kikakuta anayekusudiwa kupewa si kundi maalumu, hicho kina hoja ya moja kwa moja. Nawaomba maafisa maendeleo ya jamii wawaambie vikundi jambo hili. Vikundi vingi havijui kwamba haki ya kulalamika ni yao pia.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema hoja yako kwa sentensi moja yenye namba ya kifungu ndani yake.

## Hatua ya 4: Andika malalamiko mafupi yenye vifungu

Kurasa mbili zinatosha kwa zabuni nyingi za kawaida. Weka: jina na namba ya zabuni, jina la taasisi, tarehe uliyopokea notisi, uamuzi unaoupinga, hoja moja moja kwa namba, viambatisho, na unachoomba.

Tazama tofauti. Aya kama hii huletwa mara kwa mara:

"Tumesikitishwa sana na uonevu tuliotendewa ilhali sisi ni wakandarasi wazoefu na tumefanya kazi nyingi. Tunaomba haki itendeke."

Mkurugenzi hana cha kuijibu aya hii, na hatakosa maneno ya kuikataa. Sasa tuseme zabuni ilikuwa ya ukarabati wa madarasa, na sababu ya kukataliwa ni "hakuthibitisha uzoefu". Andika hivi:

"Kigezo cha uzoefu katika Sehemu ya Vigezo vya Tathmini kinataka mikataba miwili ya kazi za majengo ndani ya miaka mitano, kila mmoja wa thamani isiyopungua shilingi milioni 80. Tuliambatisha mikataba miwili, wa shilingi milioni 95 (Kiambatisho A) na wa shilingi milioni 82 (Kiambatisho B). Notisi inasema mkataba wa pili haukuhesabiwa kwa kukosa cheti cha kukamilisha kazi. Nyaraka za zabuni hazikutaka cheti hicho mahali popote. Kamati ya tathmini imetumia kigezo ambacho hakikutangazwa."

Hapo kuna kifungu, kiasi, kiambatisho na kosa. Asiyeijua zabuni hiyo ataelewa akisoma mara moja, na hata mwanasheria wa halmashauri atakayesoma atajua ni ukurasa gani afungue.

Katika maombi, omba kitu ambacho Afisa Masuhuli anaweza kukifanya: kusitisha mchakato wakati malalamiko yanashughulikiwa, kurudia tathmini kwa kufuata vigezo vilivyotangazwa, kukurudisha katika tathmini. Usiombe mtu afukuzwe kazi.

Onyo kuhusu rushwa. Ukiwa na ushahidi kwamba fedha imepita, peleka TAKUKURU. Usiweke tuhuma za kusikia kwenye malalamiko ya zabuni, kwani zitameza hoja yako nzuri na zinaweza kukuletea kesi nyingine. Kumbuka pia kwamba kwenda TAKUKURU hakusimamishi zile siku tano. Njia hizo mbili zinakwenda sambamba.

Lugha? Kiswahili kinafaa. Kama nyaraka za zabuni ziko kwa Kiingereza, nukuu maneno ya kigezo kama yalivyo, kisha eleza kwa Kiswahili. Kunukuu kwa tafsiri yako mwenyewe hufungua ubishi usio na sababu.

Umefanikiwa ikiwa kila hoja ina kiambatisho chake, na kila kiambatisho kina hoja yake.

## Hatua ya 5: Wasilisha kwenye NeST, ubaki na ushahidi

Tumia sehemu ya malalamiko ndani ya NeST kwenye zabuni husika. Pakia barua iliyosainiwa na viambatisho vyake, thibitisha, kisha piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa. Hifadhi picha hiyo mahali pawili.

Mfumo ukigoma, piga picha ya ujumbe wa hitilafu ukiwa na saa yake, toa taarifa kwa wahudumu wa mfumo kwa maandishi, na siku hiyo hiyo peleka nakala kwa mkono masjala ya taasisi ugongewe mhuri wa kupokelewa. Hiyo nakala ni kinga. Endelea kujaribu mfumo hadi ukubali.

Kuzungumza na afisa ununuzi kwenye korido hakuhesabiki kuwa malalamiko, hata akikuahidi kwamba "tutaliangalia".

## Hatua ya 6: Wakati unasubiri jibu

Afisa Masuhuli naye ana siku tano za kazi za kutoa uamuzi wa maandishi wenye sababu. Anza kuhesabu upya tangu siku uliyowasilisha.

Yanaweza kutokea mambo matatu: akukubalie, akukatae, au akae kimya. Kimya ndicho kinachowapoteza watu. Wanaendelea kusubiri kwa heshima, wiki ya pili, ya tatu, wakiamini kwamba barua iko njiani. Muda wake ukiisha bila jibu, muda wako wa kukata rufani umeanza.

Tumia siku hizi kuandaa rufani kana kwamba umeshakataliwa.

Ukisikia kwamba mkataba umesainiwa wakati malalamiko yako hayajajibiwa, mtafute wakili siku hiyo hiyo. Kabla ya mkataba, kosa la tathmini linaweza kurudishwa nyuma. Baada ya mkataba, nafasi yako inabaki finyu na mara nyingi mazungumzo yanahamia kwenye fidia.

## Hatua ya 7: Rufani kwa PPAA

Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA, ndiyo inayosikiliza rufani dhidi ya uamuzi wa Afisa Masuhuli. Usiichanganye na PPRA, ambayo ni mamlaka ya udhibiti na ndiyo inayosimamia NeST. Wengi hupeleka rufani yao PPRA na kupoteza siku mbili kabla hawajaelekezwa.

Una siku tano za kazi tangu upokee uamuzi, au tangu muda wa Afisa Masuhuli uishe akiwa kimya. Rufani nayo huwasilishwa kupitia NeST. Lipa ada kwa namba ya malipo ya serikali mapema, maana rufani isiyolipiwa haijakamilika, na benki zikifungwa Ijumaa jioni hakuna wa kukuhurumia.

Maelezo ya rufani yawe na historia fupi ya zabuni kwa tarehe, hoja za rufani, na nafuu unazoomba. Hoja ziwe zile zile ulizozitoa kwa Afisa Masuhuli. Hoja mpya inayoibuka ngazi ya rufani itapingwa, kwa kuwa taasisi haikupewa nafasi ya kuijibu. Hii ndiyo sababu ya kuandika vizuri tangu hatua ya nne.

PPAA ina siku 40 za kutoa uamuzi, zikiwa zimepunguzwa kutoka 45 za sheria iliyopita.

Wakili si lazima. Lakini kwa zabuni kubwa ningemtafuta mmoja, na ningemwuliza swali moja kabla ya kumlipa: muda wa kuwasilisha malalamiko kwa Afisa Masuhuli ni siku ngapi? Akisema saba, tafuta mwingine.

## Hatua ya 8: Siku ya kusikilizwa

Jambo la kwanza kujadiliwa huwa pingamizi la awali kama lipo, yaani hoja ya kutaka rufani itupwe kabla haijasikilizwa, na pingamizi linalopendwa kuliko yote ni la muda. Kuwa na jedwali la ukurasa mmoja: tarehe ya notisi, ya malalamiko, ya jibu, ya rufani, na idadi ya siku za kazi kati ya moja na nyingine. Ukiweza kulisoma jedwali hilo bila kubabaika, umevuka mto wenye mamba.

Makao makuu ya PPAA yako Dodoma. Kabla ya kukata tiketi ya basi au ya treni, uliza kwa maandishi kama utasikilizwa kwa njia ya mtandao. Ukisikilizwa kwa mtandao, usikae kwenye ofisi yenye kelele za barabarani. Tafuta chumba, umeme wa akiba na bando la kutosha.

Jibu swali uliloulizwa, kisha nyamaza. Onyesha ukurasa.

## Neno kwa wanasheria wa halmashauri

Sheria mpya imekaza muda kwenu pia. Malalamiko yakiingia, mpelekeeni Mkurugenzi siku hiyo hiyo, na mwombeni taarifa ya tathmini kabla hamjaandika jibu. Jibu linalosema tu "tathmini ilifanyika kwa mujibu wa sheria" halimsaidii mkurugenzi mbele ya PPAA. Tajeni kigezo, tajeni kilichokosekana, tajeni ukurasa. Na mkiona kamati imekosea, mshaurini akubali mapema. Kurudia tathmini ni kazi ndogo kuliko kuchelewesha zahanati wakati wa masika.

## Baada ya uamuzi

PPAA ikikubaliana nawe inaweza kufuta uamuzi wa taasisi, kuagiza tathmini irudiwe au zabuni itangazwe upya, na kuamuru ulipwe gharama. Agizo la kurudia tathmini halimaanishi umeshapewa kazi. Zabuni yako inarudi mezani tu.

Asiyeridhika anakwenda Mahakama Kuu kwa maombi ya mapitio. Kigoma na Tabora kuna masjala za Mahakama Kuu. Muda wa kwenda huko nao ni mfupi, na hapo mwite wakili, maana mahakama hutazama zaidi namna uamuzi ulivyofikiwa kuliko kupima zabuni upya.

Jambo moja la mwisho la kufuatilia: muda wa uhalali wa zabuni yako. Mgogoro unaweza kuchukua majuma mengi, na taasisi itaomba wazabuni waongeze muda huo, pamoja na ule wa dhamana ya zabuni kama ilitakiwa. Ombi hilo nalo litaingia kwenye NeST. Lijibu kwa maandishi siku utakayoliona, na kama dhamana ilitoka benki, nenda benki asubuhi inayofuata ukaiongeze.